Marehemu Rūpene Waaka na Boti ya Alumini Waliyoiita Sufuria

Wazee wetu, shangazi zetu mliokaa kando ya jeneza siku zote hizi, na ninyi wageni mliofika kwenye marae yetu, uwanja huu wa ukoo, kwa barabara ile mbovu, familia imenichagua mimi Kereama, mtoto wa dada yake, nisome maisha ya mjomba kabla kifuniko hakijafungwa, na huyo anayenong'ona pale nyuma kwamba kwa nini asome aliyeacha shule, ajue kwamba nasoma vizuri kuliko yeye anavyochomelea. Hapa kwetu maiti huambiwa usoni, husifiwa na hugombezwa, kwa hiyo mjomba, tulia hapo usikilize, leo huwezi kunikatiza.

Marehemu Rūpene Taituha Waaka alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958 katika kisiwa cha Motuwhero, hicho mnachokiona ng'ambo, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Taituha na Bibi Pareteri, kisiwa chenye ufukwe wa mawe matupu, kisichokuwa na gati siku ile na kisichokuwa na gati leo, ingawa ahadi za gati tunazo za kutosha kujengea daraja.

Alianza shule ya kisiwani mwaka 1964, akavuka kusoma sekondari bara mwaka 1971, akaiacha mwaka 1973 akisema yeye na walimu wamechokana, na hapo ndipo mnapoona nimemrithi nani. Mwaka 1974 aliingia yadi ya boti mjini Whangārei kujifunza kuchomelea chuma, kisha mwaka 1985 akavuka bahari kwenda Tasmania, ambako kwa miaka kumi na miwili alijenga vivuko vikubwa vya katamarani, yaani boti za matumbo mawili yaliyounganishwa na sitaha moja, vyote vya alumini, akarudi nyumbani mwaka 1997 akiwa na mikono yenye makovu na mdomo usiokubali kushindwa.

Alifunga ndoa na Shangazi Hariata tarehe 3 Machi 1984, baada ya baba mkwe kumuuliza ana nini naye kujibu, "Nina mashine ya kuchomelea, mzee, na bintiyo ameshaniona nikiitumia," na Mungu akawajalia watoto wawili, Moewai mwaka 1986 na Tiaki mwaka 1989.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu mngependa nipite haraka, na sipiti haraka. Tarehe 12 Novemba 2011, katika ukumbi ule pale wa chakula, kamati yetu ilikaa kuamua boti ya kuvusha watoto na wazee wa kisiwani ijengwe kwa kitu gani, na kaka yake mkubwa, Mjomba Arapeta, mwenyekiti, alitaka ya faiba, nyeupe, ya kung'aa, akasema mbele ya watu, "Rūpene, unataka kutupandisha kwenye sufuria? Tena sufuria mbili!" na watu wakacheka mpaka wapishi wakatoka jikoni kuuliza kulikoni. Marehemu akajibu, "Kaka, sufuria ya mama ilianguka mara ngapi? Ilibonyea, na jioni tukaipikia. Sahani yake ya kauri iko wapi?" Kisha akawaeleza kwamba faiba ikigonga jiwe hupasuka, lakini alumini hununa tu kama mama mkwe, unaigongagonga inarudi, na ikitoboka kijana yeyote mwenye mashine anaiziba hapa hapa, na kwa kuwa ni nyepesi, yale matumbo mawili yanaelea juu juu na kupanda ufukweni bila kudai gati. Hakuficha ubaya wake pia, alisema, "Ina wivu, msiilaze na shaba kwenye maji ya chumvi, italiwa." Kura zikapigwa, alumini ikashinda, na wengine wakaondoka wamevimba.

Boti aliyoijenga ilishushwa majini tarehe 19 Oktoba 2013 kwa jina la mama yao, Pareteri, na asubuhi ile Mjomba Arapeta, kwa mapenzi yake, nasema kwa mapenzi, alileta kibao cha shaba chenye jina hilo, kikiwa kimekwisha kuombewa, akakifunga kwa bolti kwenye pua ya tumbo la kushoto, pale maji yanapolamba. Marehemu alimwambia taratibu, "Kaka, weka basi mpira katikati," naye akajibu, "Jina la mama likalie mpira kama tairi?" na maombi yakaanza.

Mwezi Juni 2016 alumini iliyokizunguka kibao ilikuwa imeliwa kama biskuti, tumbo la kushoto likajaa maji, na kamati ikasimama kutamka kwamba alumini ya Rūpene imeoza, boti ikavutwa juu ya nyasi, na tangu siku hiyo tunakodi boti nyeupe ambayo nahodha wake haigusishi mawe hata umlipe nini, na mimi simlaumu, ila bibi zetu wanashushwa kwenye kidau katikati ya mawimbi kama magunia ya viazi. Nilitaka kupiga kelele, marehemu akanishika shati, akasema, "Nyamaza, Kereama, jina la mama halishitakiwi." Miaka minane, mjomba! Miaka minane ukaitwa fundi wa kopo bovu, ukanyamaza ili kaka yako asiambiwe ameitoboa boti kwa jina la mama yake! Uliona ni heshima, na mimi nimekasirika, nimekukasirikia wewe, na wao, na nitakasirika hadi nishibe.

Figo zake zilianza kumsumbua Februari 2022. Mwezi Aprili mwaka huu tulimkalisha kwenye kiti pale nyasini, mimi na Tiaki tukakata sehemu iliyoliwa na kuchomelea bamba jipya, naye, hana hata nguvu ya kushika kikombe, akaniambia, "Mshono huo unafanana na mavi ya mbuzi, rudia," nikarudia, na mnajua mimi ndiye mchomeleaji bora kaskazini yote. Kibao tulikihamishia chumba cha nahodha, juu ya ubao, pakavu. Alifariki tarehe 11 Mei 2024 hospitalini Whangārei, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Shangazi Hariata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa figo, majirani walioleta kuni na nguruwe, wenzake wa yadi waliokuja kutoka Tasmania, na wapishi, ambao leo wasitoke jikoni, hakuna kichekesho.

Jambo la mwisho, ambalo wazee hawakuniagiza. Boti nyeupe mliyokodi kumvusha kwenda makaburini kisiwani nimeirudisha alfajiri, nimemshukuru nahodha, kwa sababu mjomba wangu hatateremshwa kwenye kidau. Pareteri ipo ufukweni, haina rangi, imebonyea, matumbo yote mawili yamekaa juu ya mawe. Mjomba Arapeta, unichape baada ya mazishi, nitasimama. Wabebaji ni sita na nimepanga watano, mbele kulia hakuna mtu, na hatunyanyui mpaka uje.

Pumzika sasa, mjomba, kwa amani ambayo hukuwahi kutupa sisi tulioshika mashine mbele yako.