Maisha ya Mama Tepu, Aliyejishonea Baiskeli

Ndugu, jamaa na majirani, nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, mimi mdogo wake niliyemfuata kuzaliwa, na naomba mnivumilie nikicheka mahali pa kulia, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kununa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa baba yetu fundi viatu na mama yetu, ambaye kila gauni alilotushonea aliliachia upindo mpana ili mvaaji akue nalo, na dada akishalimaliza lilishuka kwangu, kwa hiyo mimi hadi naolewa sikuwahi kuvaa kitu kipya. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, akamaliza sekondari mwaka 1989, akahitimu chuo cha ushonaji Desemba 1991, akaajiriwa kwenye kiwanda cha sare za shule hadi 2003, alipofungua chumba chake cha kushonea nyuma ya nyumba, mashine mbili na meza ya kukatia, tepu shingoni tangu asubuhi, ndipo akaitwa Mama Tepu. Hakuwahi kukata sare bila kuiachia nafasi ya kukua, na wazazi mliopo hapa mnajua ilivyowaokoa.

Tarehe 8 Agosti 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa kuchomelea mageti, wakajaliwa watoto wawili wa kiume na binti mmoja, kitinda mimba, aliyezaliwa Januari 2006.

Sasa nifike kwenye baiskeli, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Mwaka 2018 vijana wanaoshuka kwa baiskeli kwenye kile kijia cha mawe mlimani walianza kumletea kaptula zao zilizochanika, naye siku moja akawapelekea kazi yao huko huko juu kwa baiskeli yake kuukuu ya mizigo, akaomba ashuke nao, akaambiwa kwa adabu zote kwamba kijia kile si cha akina mama. Masikini, hawakujua wanaongea na nani. Alirudi nyumbani akagoma kula, akatangaza kwamba atakishuka kijia kile toka juu hadi chini bila kuweka mguu ardhini, tena kwa baiskeli aliyojipimia mwenyewe.

Akajipima mikono, miguu na kiwiliwili, akachora fremu kwenye karatasi ya kaki kama anavyochora gauni, akaibandika ukutani karakana kwa mumewe, shemeji akakata mabomba ya chuma na kuyachomelea sawasawa na karatasi, wakaweka uma wa mbele wenye springi, nyuma wakaacha chuma kitupu, breki za diski, na tairi pana zenye meno. Februari 2019 ikawa tayari, inang'aa, akaipanda, usukani ukawa mbali, miguu ikaning'inia, na kwenye kona ya kwanza tu akaingia kichakani. Shemeji alipopima upya, ikajulikana kwamba marehemu, kwa mazoea ya mkono, aliongeza nafasi ya kukua kwenye kila bomba, mwanamke wa miaka arobaini na saba, sijui alitarajia kukua aende wapi. Tulicheka hadi mbavu zikauma, naye akacheka kidogo, kisha akajifungia chumbani, na alipotoka macho yalikuwa mekundu.

Fremu ile alikataa isikatwe, akaitundika kwenye kenchi za paa la karakana, akachora nyingine, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakata bila kuacha hata upana wa kidole. Tarehe 21 Septemba 2019 tulikusanyika chini ya mlima, roho mkononi, tukamwona anatokea kona ya mwisho, vumbi nyuma yake, tepu shingoni, mguu haujagusa ardhi tangu juu, na vijana wale wale wakamnyanyua pamoja na baiskeli yake. Tangu hapo alishuka karibu kila Jumamosi, na waliochelewa kukata kona aliwasema huku anawashonea kaptula.

Juni 2023 alianza kusumbuliwa na tumbo, vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho, akatibiwa, akapata nafuu, lakini ilipofika Januari 2024 nguvu za kupanda zikamwishia. Kilichomuuma si maumivu, ilikuwa kwamba kijia kitabaki bila mtu wa nyumba yake, kwa sababu binti, aliyewapita kaka zake wote kwa urefu, kila akiipanda baiskeli ya mama yake magoti yaligonga usukani. Marehemu akaagiza ile fremu ya kenchi ishushwe, akalazwa kwenye kochi karakana, akasimamia uma, magurudumu na breki vikihamishiwa humo, binti akaketi, na kila kitu kikamkaa kama kashonewa. Tarehe 13 Aprili tulimkalisha marehemu kwenye kiti cha plastiki chini ya mlima, blanketi magotini, binti akashuka hadi mbele yake bila kuweka mguu chini, na marehemu, ambaye sauti ilikuwa imemkauka siku kadhaa, akatugeukia sisi tuliomcheka, akasema, "Haya, aliyekua si huyu?"

Alifariki dunia hospitalini tarehe 2 Mei 2024, asubuhi, mumewe na watoto wakiwa kando yake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliopika na kufua bila kuitwa, washonaji wenzake mliomalizia sare alizoziacha mezani, na vijana wa mlimani mliobeba jeneza.

Dada, njia yako umeimaliza na mguu hukuweka chini, sasa pumzika.