Kunja-Nyoosha Anaondoka, Kidonge Kinabaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaliza watu wazima, mzee wetu wa mazoezi ya viungo hapa hospitalini, yule tunayemwita Kunja-Nyoosha, anastaafu rasmi Ijumaa hii. Wapo wagonjwa walioipokea habari hii kwa kumshukuru Mungu hadharani.

Mimi nakaa mapokezi, mlango kwa mlango naye, kwa hiyo mayowe yote nimeyasikia. Seremala mmoja mwenye bega bovu alimwita muuaji kila Jumanne, kisha akitoka tu ananiomba nimwandike Jumanne ijayo.

Halafu kikaja kile kidonge kipya cha maumivu. Jamani, uongozi ulikishangilia! Tukaambiwa hakileweshi, hakichomi tumbo, na chumba cha mazoezi sasa kitawekwa maboksi ya dawa. Benchi la wagonjwa likabaki tupu. Seremala alipita dirishani akipiga mluzi, akamwambia mzee, babu, sasa utabaki kukunja mashuka. Na kweli, mzee alikunja mashuka, huku akiapa kuwa kidonge hicho hakitapita kooni mwake.

Haikupita miezi mingi, seremala huyoo! Bega haliumi hata chembe, ila halinyanyuki. Shati anavalishwa na mkewe. Nyuma yake foleni mpaka kwenye ngazi: wote hawaumwi, wote hawakunjiki. Kunja-Nyoosha alimeza kicheko, akakunja mikono ya shati. Na kwa kuwa kidonge kiliwapunguzia kulia, aliwakunja zaidi ya zamani. Kumbe dawa na mazoezi ni mtu na mwenziwe, wala si mtu na adui yake.

Niwanong'oneze jambo. Wiki iliyopita nilimfuma nyuma ya pazia akimeza kidonge kilekile. Goti lake limechoka. Alinisihi nisimwambie mtu, na kweli nimemwambia Mungu peke yake, na ninyi.

Lakini uongozi wetu, Mungu aujalie macho, bado unaishi na habari za mwaka jana: vidonge vipo, mtu wa nini? Nafasi yake haijapata mrithi. Zawadi ya kumuaga imeshaandaliwa, boksi la vidonge lililofungwa utepe mwekundu. Goti litanyamaza, sawa. Nani atalikunja?

Ahsante, mzee wetu, kwa kila yowe. Mungu akujalie kupiga magoti kwenye sala na kuinuka bila kushikwa mkono. Jumanne njoo, nimeshakuandika wa kwanza kwenye foleni. Aliyepungua ni wa kukukunja tu.