Gundi ya Bi Mastora

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Meneja wa kiwanda, viongozi wa dini, wafanyakazi wenzangu wa hapa Samarinda, na wewe Bi Mastora uliyeketi kule nyuma karibu na mlango: asalamu alaikum.

Nimezisikia sifa zangu, na cheti nimekipokea. Eti miaka thelathini na moja nakagua plaiwudi, na hakuna ubao uliowahi kubanduka kwa kosa langu. Jamani, uso umeniwaka moto!

Kazi yangu mnaijua: kipande cha kila fungu kichemshwe kwa saa nne, kikaushwe, kichemshwe tena, kisipobanduka, ndipo nigonge muhuri wa "nje", kwamba ubao huu utastahimili mvua. Sasa niambieni, siku ile ya kuamkia Idi, nani hapa hakufuturu kwa ketupat, wali wetu wa kufumwa kwenye majani, uliopikwa ndani ya pipa langu la majaribio? Mlinitania, "Mzee Syahrani, wali wako unanuka gundi!" Nikacheka nanyi. Wali ulichemka kwa saa nne. Vipande vyangu havikuguswa na maji. Muhuri nikagonga.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo Bi Mastora, mchanganyaji wetu wa gundi, alinijia. "Mzee, gundi waliyoileta siipendi, imekaa mno ghalani. Leo chemsha vizuri."

Nikamjibu, "Wewe mama, nenda kafume majani, kesho sikukuu."

Mbao zile zikawa sakafu ya zahanati ng'ambo ya mto. Mafuriko ya kwanza tu, zikaachana tabaka kwa tabaka, mkunga akatumbukia, akavunjika mguu. Ofisini ikaulizwa, nani katia maji kwenye gundi? Bi Mastora akasema, "Mwulizeni Mzee Syahrani, nilimwambia." Wote mkanigeukia. Nilisema nini? Nilisema, "Sikumbuki."

Akafukuzwa kazi. Mtaani wakambandika jina, Bi Maji. Hata binti yake alipokuja kuomba kazi, mlinzi alimwuliza kama kaja na ndoo. Mimi nikapandishwa cheo. Naona haya, ndugu zangu. Miaka tisa sasa, kila Idi ketupat hainipiti kooni.

Ndugu Meneja, cheti hiki sikistahili, nakirudisha mkononi mwako. Naomba barua moja tu ya kiwanda, iseme kwamba gundi ile haikutiwa maji.

Nawashukuru nyote mlionivumilia hadi hapa. Na wewe Bi Mastora, uliniambia. Nakumbuka kila neno.