Karatasi Juu ya Meza za Mama Constance

Benchi letu la Juru, hapa kambini kwa wakimbizi, linatazamana na mgahawa wa Mama Constance. Miaka saba mama huyu wa Kivu Kusini alitupikia sombe, yale majani ya muhogo, na ugali. Jana alifunga mlango, akaenda Kakiika, kule Mbarara, kufulia watu nguo. Asubuhi hii tulikunywa kahawa tukibishana nani amemharibia.

– Ni ile programu ya simu ya Mbarara, alisema Régis, tunayemwita Directeur kwa sababu ya koti lake. Benye programu balikuya na kucheka mingi, bakapiga picha meza zake sita. «Mama, batu batakamata fasi, meza yabo, kwa simu. Ni bure!»

– Na mwezi wa mwanzo wageni walikuja, alisema Barnabé, fundi baiskeli, Mrundi. Watu wa mashirika, na magari yao.

– Njo vile banaanzaka! alisema Régis. Banakusanya migahawa mia ya bure, kisha banaendea matajiri kuomba pesa: muone, tumekuwa bakubwa! Constance alikuwa hesabu tu.

– Kisha Jumapili moja alipika kuku kumi, alisema Barnabé. Meza zote zimekamatwa kwa simu. Nikafika na njaa yangu, akanionyesha karatasi juu ya meza: «Ina mwenyewe». Mimi! Nikatoka.

– Sisi wote tulitoka, nikasema.

– Na wageni wa simu? aliuliza Barnabé.

– Hata moja hakuya, alijibu Régis.

Pacifique, anayeitwa Réseau, yaani mtandao, kwa kuwa hashushi simu, alisogea.

– Habakukuwa batu. Ni mashine ilikamata meza, hesabu ipande. Na inajua njaa yako! Ukisikia njaa Juru, inakusukuma kwa hoteli ya tajiri Mbarara.

Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa kichungu.

Kabanyana, mama aliyehamia zoni yetu juzi, alikuwa amesimama na mtoto mgongoni akisikiliza.

– Zile karatasi, hakuziondoa?

– Aliziondoa kesho yake, alijibu Barnabé. Akatoka hata kwa ile programu. Akaja hapa kwenye benchi, akatuomba radhi, kila mtu kwa jina lake.

– Sasa mulirudia kula kwake?

Régis alifunga kifungo cha koti. Pacifique aliinamia simu. Barnabé alirudi kwenye baiskeli yake.

Mimi nilipita mlangoni pake kila siku mwezi wote uliofuata. Aliniita. Nilijifanya sisikii.