Sahihisho la Mwalimu Anatole

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Anatole Bashige wa mtaa wa Troyeville amefariki. Amefariki Jumanne, Agosti hii ya 2018, kabla hatujampa nafasi ya kusahihisha kosa lake hewani.

Kule kwao Bukavu alikuwa mwalimu wa historia. Hapa Johannesburg alikuwa mlinzi wa hekalu la Wahindu. Kila asubuhi pale getini alisikia nyimbo takatifu za Kisanskriti, akataka kujua asili yake. Machi, katika kipindi hiki hiki, alitwambia ziliandikwa miaka elfu tatu iliyopita. Ziliandikwa, alisema.

Kesho yake Mzee Moodliar, anayefundisha nyimbo hizo hekaluni, alimcheka. "Ziliandikwa kwa kalamu gani, mlinzi?"

Akamwita ndani, akasimamisha wanafunzi wawili. Mmoja akatamka neno la kwanza na la pili. Mwenzake akajibu la pili na la kwanza. Kisha la kwanza na la pili tena. Neno likiponyoka, mwenzake hulinasa. Hakuna aliyeshika kitabu.

Anatole hakutulia tena. Alijua kosa lilikotoka. Miaka kumi na miwili alipanga foleni kuhuisha karatasi yake ya ukimbizi, na kwenye foleni ile asiye na karatasi hayupo. Basi hata nyimbo alizipa karatasi.

Alitupigia simu. Alikuja studio mara tatu. Mara tatu tulimwambia: wiki ijayo. Nyumbani alizunguka meza mpaka mkewe, Joséline, akachoka.

"Papa Gradi, kula kwanza. Watu wa miaka elfu tatu hawatakimbia."

"Wao hawakimbii, Mama Gradi. Kosa ndilo linalokimbia. Jana nimelikuta kwa kinyozi."

Moyo ulisimama akiwa kwenye foleni ya teksi, akija huku mara ya nne.

Joséline ametuletea maandishi yake. "Msinipe pole kabla hamjayasoma," alisema. Tunayasoma.

"Nyimbo hazikuandikwa. Koo kadhaa za washairi zilizitunga kwa mdomo, kaskazini-magharibi ya Bara Hindi, kati ya mwaka 1500 na 1000 kabla ya Kristo. Hayo ni makadirio ya wataalamu. Waumini wenyewe husema hazina mtunzi. Wahenga walizisikia tu. Zilikaa vichwani karne nyingi kabla ya kuandikwa. Nilikosea."

Sasa pole, Mama Gradi. Pole, Gradi, na ukoo wote wa Bashige.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mliolichukua kosa lile hapa kwetu mkampa jirani, mtafakari. Kisha mrudieni jirani huyo leo, si wiki ijayo.