Sufuria Isiyokuwepo Mlangoni

Wakubwa zangu, shikamooni. Ninyi wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia. Namshukuru Mungu aliyenisimamisha mbele yenu leo, na ninaposema kunisimamisha sitanii, maana kuna kipindi hata kusimama ilikuwa kazi.

Kwa mliojiunga na kikundi chetu karibuni, mimi ni fundi cherehani, nakaa Kimandolu, na naishi na virusi vya Ukimwi miaka mingi sasa. Zamani nilikuwa mfuatiliaji wa ule mradi wa wafadhili. Mtu akikosa kliniki, natumwa kumtafuta. Nilikuwa na kizibao chenye maandishi mgongoni na mifuko minne mbele, na gari la mradi lilinishusha mlangoni kwa mtu. Jamani, nilijisikia. Mkaniita Mama Mradi, nami nikaitika.

Sasa niwaambie ukweli, kile kizibao kilinifaa kuliko nilivyowafaa ninyi. Nikikivaa, hakuna aliyeniuliza habari zangu. Nilionekana mtu wa ofisini anayehudumia wagonjwa. Dawa zangu nilipewa na wenzangu mle mle ndani, sikuwahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa hata siku moja.

Kisha tukaitwa kikaoni. Tukapewa soda na keki, tukaambiwa wafadhili wanaondoka na huduma sasa ni yetu wenyewe, sisi na serikali yetu. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, na sikujua ninashangilia nini. Baada ya siku chache nikakuta chumba chetu cha kliniki kina kufuli, na karatasi mlangoni inasema twende mapokezi ya kawaida. Yaani tupange foleni na watu wote, wenye mafua, wenye presha, wenye watoto wachanga. Nikachungulia lile benchi. Nikamwona mwanakwaya mwenzangu wa sauti ya pili, ameketi na kadi yake mkononi. Nikageuza nikarudi nyumbani.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Mtaani walisema mradi umeondoka na dawa zake. Nikaamini, au tuseme niliona raha kuamini, kwa sababu kama dawa zipo ingebidi nikakae pale. Nikaanza kubana kile kichupa nilichobaki nacho. Leo nameza, kesho naacha, kama mtu anavyobana sukari. Mimi huyu huyu niliyewasimamia ninyi nikisema kila siku, saa ile ile, bila kuruka. Mnacheka? Chekeni tu, hata mimi nacheka sasa.

Kichupa kikaisha. Nikakaa bila dawa miezi, mpaka homa zikanilaza. Nguo za wateja zikarundikana juu ya cherehani. Nina binti mmoja, yuko shule ya bweni, na nilichokuwa nawaza kitandani ni nani atakwenda kumchukua likizo. Niliogopa sana, ndugu zangu.

Sasa humu ndani yumo mama mmoja, amenikataza nisimtaje. Anashuka kila asubuhi kutoka kule juu, miteremko ya Meru, na madumu yake ya maziwa, anapita nyumba kwa nyumba. Huyu, enzi za mradi, alikuwa mteja wangu sugu wa kukosa kliniki. Mara tatu nilipanda kwake na gari la mradi, mara tatu akatokomea migombani. Mara ya nne gari liliharibika, nikapanda kwa miguu, nikamkuta ametulia anakamua. Tukaongea, akarudi kliniki. Tangu hapo ndiye anayeniletea maziwa. Asubuhi naweka sufuria mlangoni, anamimina, anaendelea na safari yake.

Siku tatu mfululizo hakuiona sufuria. Siku ya nne akagonga.

"Hodi. Mama Mradi, upo?"

"Leo sihitaji maziwa, mama."

"Sijakuuliza maziwa. Habari za dawa?"

Maneno yangu yale. Nilimfundisha mimi, na hata sauti ilikuwa yangu, ile ya upole wa kulazimisha. Nikamjibu kwa jeuri, "Nani amekutuma? Mradi si umekwisha?"

"Hakuna aliyenituma. Nimepita na maziwa yangu, sijaona sufuria."

Akaingia, akaketi kwenye stuli ya cherehani. Nikalia. Nikamweleza yote, mpaka habari ya benchi.

"Lile benchi mimi nalikalia kila mara," akasema. "Wateja wangu wa maziwa wananikuta pale, wanadhani nina presha. Na presha kweli ninayo. Haya, vaa viatu."

Akaacha madumu kwa jirani, akanishika mkono hadi kituo cha afya. Nikakaa kwenye benchi, kanga mpaka puani. Nesi aliponiingiza chumbani, alinitazama kwanza, halafu akasema, "Dawa zipo, dada. Waliondoka na gari lao. Wewe ulikuwa wapi?" Yule mwanakwaya, nilikuja kujua baadaye, siku ile alikuwa amepeleka jino kung'olewa.

Nilianza upya, na haikuwa rahisi. Ila mwezi uliopita nesi alinisomea kipimo: virusi havionekani. Na binti yangu likizo hii nilimpokea mimi mwenyewe stendi, nikambebea na sanduku. Asanteni kwa makofi, haya ya leo nayaelewa.

Nilipopata nguvu nilikumbuka ile siku ya gari bovu. Gari la mradi likisimama mlangoni, mtaa mzima unachungulia. Dumu la maziwa halichunguliwi na mtu. Nikamwambia yule mama, tukamfuata nesi, tukakubaliana kuwa wauza maziwa ndio watakaowaangalia wenzetu. Leo akina mama wanne wa maziwa, wote wanachama wenzetu, wamegawana mitaa kuanzia Kimandolu hadi Levolosi. Wanagonga kwa wale tu waliokubali wenyewe kugongewa. Hatujasubiri mtu atuletee vizibao.

Wafadhili siwasemi vibaya. Bila wao nisingekuwa hai kununua hayo maziwa, nawashukuru. Namshukuru nesi wetu, ambaye hakunigombeza siku niliyostahili. Nawashukuru mliopika loshoro ya leo kwa mahindi yenu na maziwa mgando yenu, tena sijaona mtu anayeulizia keki. Na wewe mama uliyeinamisha kichwa pale nyuma, ukitazama viatu vyako, nakushukuru mbele ya watu. Nilidhani mimi ndiye niliyekuokoa wewe.

Nililojifunza ni hili tu. Nilikuwa nangoja nitumwe, na nilipokosa wa kunituma nikakaa. Yeye hakutumwa na mtu, alikuja. Kile kizibao bado ninacho, nakitumia kushikia sufuria za moto. Basi kesho asubuhi, nanyi mliokubali, tokeni na sufuria zenu muweke mlangoni. Tusipoziona, tunagonga.