Dereva Mpya wa Mwaka wa Tatu

Mkabala na geti la yadi ya malori kuna benchi la mbao mbili zilizolazwa juu ya rimu kuukuu. Shangazi, muuza kahawa, hukaa kwenye kigoda chake pembeni, na birika la bati, vikombe vidogo saba na ulimi usiomwogopa mtu. Mchana ule wateja wake walikuwa wale wale. Alikuwepo Mzee Breki, dereva mkongwe wa yadi ile, aliyekuwa akisubiri lori lake lipakwe grisi. Spana, fundi, ambaye hata akioga bado anakwenda na harufu ya dizeli. Na Redio, mtu asiye na kazi inayojulikana lakini mwenye habari za kazi zote. Mwishoni mwa benchi, upande unaoyumba, alikaa Mpya. Walimbatiza jina hilo siku aliyoajiriwa kuendesha malori ya masafa marefu. Sasa alikuwa katika mwaka wa tatu, ana watoto wawili, mvi zimeanza kumchungulia kidevuni, na malipo bado ni yale yale ya dereva mpya. Funguo za lori alikuwa nazo mkononi. Saa kumi kamili karani angefunga daftari la safari, kwa hiyo kabla ya hapo ama asaini safari nyingine kwa malipo yale yale, ama arudishe funguo akatafute maisha mengine. Ilikuwa saa tisa na nusu.

— Saini, mwanangu, — alisema Mzee Breki. — Kila mtu alianzia hapo hapo.

— Mzee, nimeanza mwaka juzi. Mpaka leo naanza tu.

— Ndiyo unajifunza. Unapata uzoefu.

— Uzoefu! — Mpya akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. — Juzi mwenye nyumba kaja kudai kodi. Nikamwambia, baba, hela sina ila uzoefu ninao mwingi, nikupimie kilo ngapi?

— Hata mimi usijaribu kuniletea, — akadakia Shangazi. — Kahawa hii naikaanga kwa mkaa, siikaangi kwa uzoefu.

— Tatizo lako, Mpya, — alisema Spana, — umeichukulia hii kazi kama kazi ya kulipwa.

Wakacheka wote isipokuwa mwenyewe. Redio akasogeza makalio mbele ya benchi, na wote wakajua kinachofuata.

— Nyie mnacheka, hamjui siri. Malipo madogo ni kwa usalama wa dereva. Mtu mwenye hela mfukoni anakimbiza gari, anawahi kwenda kuzitumia. Asiye nacho anawahi nini? Anakwenda mwendo wake wa pole pole, anafika salama.

— Kwa hiyo tajiri mwenye malori anatupenda, — alisema Spana.

— Anatupenda kupita kiasi.

— Na yeye mwenyewe mbona kigari chake kinapita hapa kama kinafukuzwa? — Shangazi akauliza.

— Masikini, yeye hana wa kumlinda.

Mpya hakuwa na hamu ya utani. Asubuhi ile, kabla hajatoka, mkewe alikuwa kwenye cherehani, anapinda sketi za sare za watoto wa watu. Cherehani hiyo ndiyo iliyowalisha miaka yote miwili na nusu, na macho yake yalikuwa yameanza kuuma kwa kazi. Hakupandisha sauti. Alikata uzi kwa meno akasema, "Baba Zuhura, leo niambie, mimi nimeolewa na dereva au nimeolewa na foleni? Ukienda tena kwa malipo yale, mimi na wanangu tutahamia kwa dada. Nimechoka, na nakwambia kwa wema." Mpya aliona aibu, aibu ya mtu mzima mwenye nguvu zake lakini hana faida nyumbani kwake.

— Foleni, — alisema ghafla, kama anajijibu mwenyewe. — Foleni ndiyo inayoniua.

— Foleni gani tena? — akauliza Redio.

— Ya mpakani. Sisi tunalipwa kwa safari, siyo kwa siku. Tairi lisipozunguka huna chako. Mwezi uliopita nimekaa siku kumi na moja kwenye ile foleni. Siku kumi na moja nanunua maji ya kunywa, ya kuoga, na choo cha kulipia. Safari ikaisha nimebaki na hela ya sabuni.

— Si unalala tu huko, — alisema Spana. — Unapumzika.

— Nalala saa ngapi? Dereva mpya ndiye anayesogeza magari ya wakubwa. Wao wanakwenda kupanga chumba, wanalala kitandani, wanakuachia funguo. Foleni ikisogea hatua kumi, unasogeza lako, unashuka, unakimbia nyuma unasogeza la mzee hapa, unashuka, unasogeza la mwingine. Magari matatu, dereva mmoja. Kuna alfajiri moja niko ndani ya gari la Mzee Breki, nageuka hivi, mbele ya lori langu pengo limejaa. Watu wameingia. Askari wa foleni hataki maelezo, kanirudisha mkiani. Siku nne zaidi. Mzigo ukachelewa, tajiri akanikata posho.

Mzee Breki alikuwa akiikagua kahawa yake kana kwamba imeingia inzi.

— Ndiyo heshima ya barabara, — alisema mwishowe. — Mkubwa anapumzika, mdogo anasogeza. Na sisi tulisogeza. Vumilia, ukishakuwa mkongwe malipo ni mara mbili, nilikwambia tangu siku ya kwanza. Na wewe utapanga chumba, kuna mtu atakusogezea.

— Mimi nina lingine, — alisema Spana, ambaye hapendi Redio ampite. — Mnajua mafuta yanavyokwenda mlimani? Kila kilo ina gharama yake. Sasa dereva akila vizuri anakuwa mzito. Tajiri kapiga hesabu, kaona bora apunguze uzito kuanzia kwenye mshahara.

— Ebo! — akasema Mpya. — Tani thelathini za saruji nyuma, zinazomlemea ni kilo zangu?

— Saruji ina mwenyewe, kaka. Wewe una mwenyewe?

— Hilo la uzito dogo, — Redio akapunguza sauti na kutazama geti. — Kuna daktari kaajiriwa mle ndani. Kazi yake moja tu, kupima ni njaa kiasi gani inamzuia mtu asisinzie bila kumwangusha. Ukishiba unasinzia, si ndiyo? Ukifa njaa nayo hasara, gari linabaki porini. Sasa yeye anatafuta pale katikati. Mpya, wewe ndiyo wanakufanyia majaribio, ndiyo maana hawakupandishi. Ukipandishwa wataharibu vipimo!

— Ulimwona wapi huyo daktari? — Shangazi akauliza.

— Daktari wa siri ataonekanaje, Shangazi?

— Na baada ya majaribio?

— Baada ya hapo tiketi. Dereva atakata tiketi kama abiria. Nauli ya kiti cha usukani itakuwa juu kidogo kwa sababu kina dirisha lake.

Mara hii hata Mpya alitabasamu, ila akajichukia kwa kutabasamu. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

Ndipo geti dogo lilipofunguka akatoka mwanamume mmoja wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, bahasha ya kaki kwapani. Alivuka barabara, akaamkia wakubwa, akaomba kikombe kimoja. Walimpisha akakaa katikati.

— Unatoka kwa karani? — Redio akamuuliza kabla hata hajapuliza kahawa.

— Ndiyo. Nilikuwa naendesha gari la taka, sasa nimekuja kuomba kazi ya masafa marefu. Wamesema nisubiri, kuna gari moja huenda likakosa dereva leo saa kumi.

Mpya alizibana funguo kiganjani.

— Na malipo? — akauliza Spana.

— Ya dereva mpya. Nimekubali, siwezi kuanza na makubwa. Ila nimetoka nje nikakumbuka kuna kitu kimoja sikuuliza. Labda nyie wenyeji mnajua. Huo upya unaisha lini?

— Hilo linategemea kilomita, — alisema Redio upesi.

— Ngapi?

— Zinatofautiana.

— Nijuavyo mimi ni mpaka ubadilishe seti mbili za tairi, — alisema Spana.

— Mimi nimebadilisha tatu, — alisema Mpya.

Mgeni akawatazama mmoja mmoja, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia. Kisha akamgeukia Mzee Breki, maana ndiye aliyeonekana na umri wa kujua.

— Na wewe mzee, wako uliisha mwaka gani?

Mzee Breki akapeleka kikombe mdomoni, kikawa kitupu. Akamnyooshea Shangazi. Shangazi akaliinamisha birika, yakatoka matone mawili ya mashapo, akaliweka chini.

— Imekwisha, — alisema. — Mjibu mwenzio.

— Mambo ya zamani hayo, — alisema Mzee Breki. — Mtu hawezi kukumbuka tarehe.

Mpya alikuwa amekwisha kugeuka kumtazama. Alimtazama viatu, soli iliyoshonwa kwa uzi wa gunia. Alimtazama kola ya shati. Miaka miwili na nusu alikuwa akikaa ubavuni mwa mtu huyu, na hakuwahi kumtazama hivi.

— Mzee. Safari iliyopita, wewe ulilipwa ngapi?

— Si mambo ya kuuliza mbele za watu.

— Ngapi, mzee?

Mzee Breki akaifuta midomo kwa kiganja. Alipotaja, alitaja kwa sauti ndogo, lakini benchi zima lilisikia. Ilikuwa ile ile ya Mpya. Haikuzidi hata kwa senti moja.

— Miaka yako kumi na tisa kazini? — Mpya akauliza.

— Ishirini mwezi ujao.

— Na chumba cha kulala mpakani?

— Nauza mafuta ya lori kidogo kidogo. Kila mtu na dawa yake.

— Uliniambia wakongwe wanalipwa mara mbili. Uliniambia kwa mdomo wako, nikaenda nikamwambia mke wangu, naye akavumilia kwa neno hilo. Kwa nini, mzee?

Mzee Breki hakukwepa tena. Alimtazama Mpya usoni kwa macho mekundu ya barabara.

— Ningekwambia ukweli, nani angenisogezea gari?

Mpya alitaka kumtukana, lakini matusi hayakuja. Kilichokuja kilikuwa uchovu, na huruma ambayo hakuitaka hata kidogo. Akasimama.

— Unakwenda kusaini? — Spana akauliza.

— Nakwenda kurudisha funguo. Nikitoka hapo nitamnunulia mke wangu dawa ya macho, kwa mkopo, kisha nitajua pa kuanzia.

Mgeni naye akasimama, akajipangusa suruali, akaikamata vizuri bahasha yake.

— Basi tuongozane, kaka. Karani akuone wewe, anione na mimi.

— Hujasikia yote haya?

— Nimesikia. Nina wanne nyumbani, na gari la taka wamelipaki.

Mpya akaanza kuvuka barabara. Nyuma yake alimsikia Mzee Breki akimwita mgeni, kwa sauti ile ile ya upole aliyoitumia kwake siku ya kwanza.

— Njoo kidogo, mwanangu. Usingizi wako ni mzito au mwepesi?

— Mwepesi sana, mzee, — mgeni akajibu kwa fahari, akidhani ni swali la kazi.